Kwenye Kivuko Huulizwa Nini

Masomo ya wiki: Waamuzi 12:1–7, Mwanzo 32:22–31



Jumapili iliyopita, watu wakitoka ibadani, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinishika mkono pale mlangoni asiuachilie. Akaniuliza kwa nini Biblia haina daraja. Nilicheka, nikamwambia nitatazama. Nimetazama wiki nzima, na mwanafunzi huyo ana haki yake. Katika vitabu vyote 66 watu huvuka mito kwa miguu: maji yanagawanyika, au msafiri anatafuta mahali pa kina kifupi na kupita nguo zikiwa zimelowa. Sikuona hata mmoja anayepita juu ya daraja. Neno lenyewe, ukilikuta katika Biblia yetu ya Kiswahili, ni lile la ngazi au la cheo. Biblia ina vivuko tu.

Swali lake lilikuwa na asili. Alikuwa ameazima kitabu cha simba wa Tsavo, na kichwa chake chote kimejaa daraja lile. Nami nikajikuta nikikisoma baada ya kazi, taa ya sola ikififia, mpaka mke wangu akaniuliza kama siku hizi nahubiri habari za wanyama.

Niwakumbushe kisa kwa wale waliokisikia nusu nusu. Mwaka 1898 reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika mto Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, na mwezi Machi akaletwa Mwairishi mmoja, John Henry Patterson, asimamie ujenzi wa daraja la kudumu. Vibarua walikuwa Wahindi kwa mamia, walioletwa kwa mkataba kutoka ng'ambo ya bahari, pamoja na Waafrika. Haukupita muda wakaanza kuchukuliwa usiku, mmoja mmoja. Simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wakipenya boma za miiba kama mbwa anavyopenya ua wa jirani. Mmoja wa waliochukuliwa mwanzo alikuwa jamadari, Ungan Singh, mtu wa nguvu. Alitolewa hemani wenzake wakisikia.

Watu walijaribu kila kitu. Mioto ilikeshwa, madebe yakapigwa. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema yao na kuyafunika kwa magogo. Wengine walipandisha vitanda juu ya matangi ya maji na juu ya miti, na usiku mmoja mti ulielemewa na watu ukaanguka nao. Ilipofika Desemba mosi, mamia walijilaza juu ya reli mbele ya gari moshi lililokuwa likishuka pwani, likasimama, wakalivamia wakaondoka. Kazi ililala majuma matatu. Watu waliolaza chuma kile kwa mikono yao walilaza miili yao juu yake ili waondoke. Mimi hapo ndipo nilipofunga kitabu kwanza, nikatoka nje kupunga upepo.

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Daraja likamalizika mapema mwaka uliofuata. Kisha mvua ikanyesha, mto ukafura, ukang'oa madaraja mawili ya muda yaliyokuwa yakipitishia mawe ya ujenzi, ukayasukuma pamoja na magogo mpaka kwenye nguzo za lile jipya. Nguzo zikasimama. Najua kila mhubiri akifika hapo hukimbilia Mathayo 7 na nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Na mimi nilikimbilia. Halafu nikarudi nyuma kurasa chache, kwa sababu kuna jambo lilikuwa limenichoma na sikutaka kulipita.

Ni hesabu. Kumbukumbu za reli zilitaja Wahindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika, Patterson mwenyewe anaeleza kwamba walikuwa makumi, ila hakuna aliyeweka rekodi yao. Baadaye alipenda kutaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba wale na kukisia kwamba waliowala ni kama 35. Miaka mia na zaidi imepita, na ili kujua ni wangapi waliokufa inabidi tuulize manyoya ya simba, maana daftari halina jibu.

Si kwamba pale hapakuwa na daftari. Lilijua kwamba fundi wa mawe analipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida 12. Lilijua vipimo vya nguzo. Reli nzima, kutoka pwani hadi ziwani, ililetewa Wahindi karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Tunajua hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba, na mkataba ni fedha. Asiye na mkataba hakuandikwa.

Na simba? Ngozi zao Patterson alizitandika sakafuni kwa miaka kama 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, kwa dola 5,000. Zikajazwa, zikasimamishwa nyuma ya kioo, na kila fuvu likapewa namba yake. Filamu ya 1996 ikaenda mbele zaidi ikawapa majina: mmoja Mzuka, mwenzake Giza. Mwanafunzi wangu anayajua yote mawili bila kufikiri. Nilimwuliza ataje mtu mmoja aliyeliwa. Akalikumbuka jina la jamadari baada ya kukuna kichwa. Nikamwuliza Mwafrika mmoja. Tukatazamana.

Sasa turudi kwetu, maana reli hiyo haikuishia Tsavo. Wazee wetu huko nyuma waliambiwa kuhusu nyoka wa chuma atakayetoka kwenye maji ya mashariki, akitema moshi na moto, aende kunywa kwenye ziwa la magharibi. Utabiri huo husimuliwa kuwa ni wa Kimnyole arap Turukat, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, ambaye watu wake mwenyewe walimwua mwaka 1890. Mwanawe Koitalel akabaki Nandi. Mwingine, Kipchomber arap Koilegen, akaja kwetu Kipsigis, na serikali ya kikoloni ikamwondoa akafia uhamishoni. Mwaka 1934 ukoo wao mzima, wa Talai, ukafuata, ukasombwa hadi Gwassi, kando ya ziwa lile lile. Tsavo nako vibarua walisema simba wale si simba, ni roho za machifu wawili waliochukia reli kukata nchi yao. Siamini kwamba ni roho. Lakini sioni ajabu kwamba watu waliotenganishwa na umbali wa siku nyingi za kutembea walikiona kitu kile kile kikija na wote wakakiogopa. Waliokiogopa hawakuwa wajinga.

Nyoka huyo alifika kwetu. Kutoka Mau kushuka Londiani, Kipkelion na Fort Ternan nchi ni ya mabonde tu, na ili reli ipite, kampuni ya Kimarekani ilipewa kazi ya kusimamisha madaraja marefu ya chuma 27. Chuma kilikatwa na kutobolewa Marekani, kikaja kwa meli, kikaungwa hapa na mafundi wachache wageni na vibarua wengi. Chuma cha namna hiyo huja na alama kwenye kila kipande, ili anayeunga ajue hiki kinakaa wapi na kile wapi. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagusa ziwa pale Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence.

Mwaka jana nilikwenda maziko upande wa Fort Ternan na baada ya chakula nikashuka na mwenyeji wangu, mzee wa kanisa, tukatazame daraja la reli. Njia ya mbuzi inapita chini yake. Ukikaribia unaona vichwa vya ribiti, mistari na mistari, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, vimepakwa rangi juu ya kutu na kutu juu ya rangi. Mbuzi wamejisugua kwenye vyuma vya chini mpaka vinang'aa. Nilipapasa nikitafuta maandishi yoyote, jina la kampuni, mwaka, chochote. Mzee akaniuliza nimepoteza nini.

Huko huko Fort Ternan, mwaka 1961, Louis Leakey na watu wake walifukua taya la kiumbe aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita, wakalipa jina la kitaalamu lenye jina la mwenye shamba ndani yake, bwana Wicker. Namshukuru Mungu kwa taya. Nataja tu kwamba katika milima hii tumekuwa hodari sana wa kutoa majina tunapotaka.

Tufike Maandiko. Katika Waamuzi 12 Wagileadi, chini ya Yeftha, wamewashinda Waefraimu, nao Waefraimu wanakimbia kurudi kwao. Ili kurudi lazima wavuke Yordani. Wagileadi wanatangulia kwenye vivuko, na kila anayekuja kuvuka wanamtaka atamke neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hawezi kutamka "sh", inamtoka "s". Akisema Sibolethi anachinjwa pale pale kando ya maji. Kitabu kinatoa jumla: 42,000. Jina hata moja hakitoi.

Hatuhitaji mwalimu wa chuo cha Biblia kutufafanulia hilo, sisi wa Sigowet. Ukishuka Sondu utakutana na mto na daraja, na ng'ambo ni watani na majirani zetu Wajaluo. Ulimi wetu unajulikana popote: p na b hazitulii kwenye viti vyao, k na g vivyo hivyo. Jirani zetu nao "sh" inawakimbia kama ilivyomkimbia Mwefraimu. Siku ya soko hayo ni mambo ya kuchekeshana. Mama anateremsha nanasi, mwingine anafunua samaki, wanatukanana bei kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa lugha angelia akikisikia, na wote wanarudi nyumbani wameshiba. Mambo yakichafuka, ulimi ule ule unakuwa mauti. Wenye umri wangu wanakumbuka mapigano ya 1992. Na mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, sehemu nyingi za Bonde la Ufa, vizuizi viliwekwa barabarani na vijana wakawa wanasoma vitambulisho, wanatazama jina la baba ni la kabila gani. Hawakuhitaji kumsikia mtu akisema Shibolethi. Serikali ilikuwa imewachapia tayari.

Nasema hivi makusudi kwa sababu nilipoanza kuandaa tafakari hii nilitaka kusema jambo jepesi: kwamba Tsavo kosa lilikuwa kutouliza majina, basi tuulize majina. Mwaka 2008 majina yaliulizwa sana.

Ndipo nikasoma kivuko cha pili, Mwanzo 32. Yakobo anarudi nyumbani akimwogopa Esau. Usiku anawavusha wake zake, wajakazi, watoto kumi na mmoja na mali yote kwenye kivuko cha Yaboki, yeye anabaki peke yake. Mtu anamshika wanashindana mpaka alfajiri. Na hapo, nyonga ikiwa imeshateguka, huyo mtu anamwuliza jina lake. Angalieni ni lini. Hakumwuliza alipokuwa akifika ili aamue kama apite. Alimwuliza baada ya kukesha naye, wamekumbatiana kwa vita, jasho la mmoja liko kwenye shingo ya mwingine. Yakobo anajibu, naye alikwisha kuulizwa jina zamani na baba yake kipofu, akadanganya akajiita Esau. Safari hii anasema kweli. Akabarikiwa, akaondoka akichechemea.

Kwenye Yordani swali lilichukua muda wa kutamka neno moja. Kwenye Yaboki lilichukua usiku mzima. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona, na sikuiona katika kitabu cha mtu.

Wengine wenu mnajua ninakoelekea, kwa sababu mlikuwepo. Mwaka juzi, msimu wa mvua ndefu, kijana mmoja mchuma chai aliteleza kwenye yale magogo mawili tunayoyaita daraja, chini ya kituo cha kununulia majani. Alikuwa na kikapu mgongoni, kimejaa, na majani yaliyolowa ni mazito. Tulimpata asubuhi. Niliomba pale kando ya mto, mvua ikininyeshea Biblia, jamaa zake wakaja na pikapu wakamchukua kwenda kwao. Jioni nilifungua daftari la huduma, nikaandika tarehe, nikaandika: maombi mtoni, kijana mchuma chai. Nikafunga. Nilikuwa nimechoka, na kesho yake nilikuwa na harusi.

Juma hili, baada ya Patterson na simba wake, nilifungua ukurasa ule nikauona. Aibu niliyoipata sitaieleza.

Nilikwenda kwa mwenye shamba aliyekuwa amemwajiri. Ni mtu mwema, mshirika wa kanisa jirani, akaniletea chai kabla sijakaa. Akaleta na daftari lake la kibarua, lile la jalada gumu la shule. Kwenye mistari ya mwezi ule kuna safu ya tarehe, safu ya kilo, safu ya fedha. Kilo 41. Kilo 38. Kilo 44, siku ya jua. Juu ya safu, mahali pa jina, pameandikwa Kisii 2. Nilimwuliza. Akasema walikuwa wawili kutoka Kisii, na majina yao yalimsumbua kidogo, kwa hiyo mmoja akawa Kisii 1 na mwingine Kisii 2, ili fedha zisichanganyike. Na kweli hazikuchanganyika; kila senti imelipwa. Tarehe ya mwisho ina kilo sifuri na mstari umepigwa kwa rula.

Sikumwambia neno. Ningesema nini, na daftari langu halina hata hiyo namba?

Aliniambia kwamba Kisii 1 bado yuko, siku hizi anachuma shamba la juu, karibu na barabara. Nilipanda pikipiki. Nilimkuta katikati ya mistari ya chai, aproni ya plastiki kiunoni, mikono ikienda bila kutazamwa: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kiganja kikijaa anatupa juu ya bega kikapuni. Hakuacha kuchuma tulipokuwa tukizungumza, maana jua lilikuwa limeanza kuwaka na gari la majani halimngoji mtu. Nikamweleza nimekuja kwa ajili ya mwenzake aliyekufa mtoni, nataka jina lake kamili, la kuandika.

Mikono ikasimama. Akalitaja. Sikulishika vizuri, akalitaja tena polepole, akanitajia herufi moja moja kama mwalimu wa darasa la kwanza, akahakikisha nimeandika "ng'" na kile kikoma chake juu. Akataja jina la baba. Akataja kijiji. Akasema mama yake bado humpigia simu yeye kila mwisho wa mwezi, kwa sababu hana mwingine huku wa kumpigia. Jina sitaliweka hapa. Limo kwenye daftari la huduma, juu ya yale maneno yangu ya mwanzo, ambayo sikuyafuta.

Nilimshukuru, nikamwombea, nikarudi kwenye pikipiki, nikaiwasha. Nilikuwa nimeshaingiza gia nilipotambua kwamba tangu niliposhuka mpaka nilipopanda nilikuwa nikimwita kichwani mwangu Kisii 1, na sikuwa nimemwuliza.

Nikaizima.